Jiwe Lililochemka kwa Ndimu

Harufu ya ndimu iliyokamuliwa juu ya vumbi hunirudisha Malolo hata nikiwa nimeshika mwiko. Mimi napika chakula hapa Mikumi, karibu na barabara kuu, mahali malori yanapoegeshwa ili madereva wale. Wiki iliyopita binti yangu alikuwa anakata ndimu za wateja. Moja ikamponyoka, ikabingirika chini, na alipoiokota akaona asiitupe bure, akaikamulia hapohapo sakafuni penye doa la mafuta. Harufu ikapanda, ukali wa ndimu na ukavu wa udongo kwa pamoja. Nikasimama na sufuria mkononi kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Mama, vipi?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekumbuka jiwe. Akacheka, akasema tangu lini jiwe likanuka. Nikaona nimsimulie, na kwa kuwa siku hiyo wateja walitukatiza kila mara, nawasimulia na ninyi kwa utaratibu.

Nyumbani kwetu kulikuwa Malolo, upande ule ambao vilima vinaanza kubanana. Baba alilima vitunguu bondeni na nyanya kwenye mteremko, na chini ya mteremko huo, penye genge la mawe, kulikuwa na chemchemi. Haikuwa kubwa. Maji yalitoka kwenye ufa wa mwamba polepole, kama mtu anayesimulia huku anasinzia, yakajaza kidimbwi, kisha yakapotelea kwenye korongo. Asubuhi tulichota sisi. Mchana walikunywa ng'ombe wa Mzee Masanja.

Mzee Masanja alikuwa amekuja na familia yake kutoka Usukumani nikiwa bado sijaanza shule, wakajenga ng'ambo ya korongo. Bibi yangu, ambaye na sisi aliongea Kisagara na Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni na hospitali, aliwaita "wale wa ng'ambo" mpaka anakufa, ingawa chai yake haikunyweka bila maziwa yao. Binti yao, Kabula, niliwekwa naye dawati moja la nyuma kwa sababu wote wawili tulikuwa warefu na tuliwaziba wenzetu wasione ubao. Urafiki wetu ulianzia hapo, kwa kuadhibiwa pamoja kwa urefu.

Kabula alikuwa na jina la kila rangi ya ng'ombe. Sisi tuliona ng'ombe mweusi, mweupe na mwekundu, basi. Yeye alikuwa na neno la ng'ombe mwenye madoa kama kanga wa porini, neno la mwenye mgongo mweupe na ubavu mweusi, neno la yule wa rangi ya majivu yaliyopoa. Aliyataja yote kwa Kisukuma, akinyoosha kidole, na mimi nikimfuata kwa ulimi mzito. Nilimwonea wivu. Sisi kwetu tulikuwa na nyanya mbichi na nyanya mbivu.

Mwaka mmoja masika yalinyesha kwa hasira, na kipande cha genge juu ya chemchemi kikaporomoka. Tulikikuta siku moja tunatoka shule. Mawe yalikuwa yametapakaa kando ya kidimbwi, na pale yalipobanduka, mwamba ulikuwa na rangi ambayo hatukuwahi kuiona ikitoka ardhini.

"Kijani," nikasema.

"Bluu," akasema Kabula.

Tukabishana mpaka tukachoka. Nilimwambia atazame vizuri, akaniambia nitazame vizuri mimi. Kwenye kivuli alikuwa na haki yeye: ilikuwa kama maji yaliyobaki baada ya kusuuza shati jeupe kwa bluu ya kufulia. Jua likipiga, haki ilikuwa yangu. Kabula, mwenye jina la kila ng'ombe, akakiri kwamba hiyo hana jina lake, na nikafurahi kidogo moyoni.

Haikuwa rangi ya kupakwa. Ilikuwa imeota. Ukisogeza jicho karibu uliona vishungi vya sindano nyembamba kuliko nywele, vimesimama pamoja laini kama manyoya ya kifaranga aliyetotolewa leo, na mwanga uliteleza juu yake kama unavyoteleza kwenye hariri. Ukigusa, vilivunjika na kubaki kidoleni kama unga unaometa. Tuliokota vipande tulivyoweza kuvificha, tukavifunga kwenye kitambaa, tukavifukia chini ya mti wa ndimu nyuma ya jiko letu.

Tulifanya kama wanavyofanya watoto wote wakipata kitu wasichokijua: tulikitesa. Tulilikwaruza jiwe kwa msumari, likakwaruzika kirahisi. Tuliliweka kwenye maji, tukalikoroga, tukalisubiri. Unga ulizama chini na maji yakabaki meupe vilevile. Tulichomeka kipande kwenye makaa mama alipokwenda kuchota maji, na ile rangi nzuri ikawa nyeusi, tukasikitika kama tumeua kitu. Kabula alitaka kulamba. Nikamwambia bibi amesema kitu cha rangi ile hakilambwi. Bibi hakuwahi kusema hivyo, lakini kwetu jina la bibi lilimaliza mjadala wowote.

Ndimu ilikuja yenyewe. Tulikuwa tumekaa pale chini ya mti tunakula ndimu kwa chumvi, tunakunja nyuso, jiwe likiwa kwenye mapaja ya Kabula. Juisi ikamtiririka mkononi ikadondokea kwenye ule unga tuliokwisha kuukwaruza. Na jiwe likachemka. Vipovu vidogo vilipanda na kupasuka, vikapanda vingine, na ndipo ikaja ile harufu ya ukali na udongo. Kabula akaliinua hadi sikioni.

"Linapumua," akasema kwa sauti ya chini.

Nikasikiliza na mimi. Lilikuwa linafanya *chiii* nyembamba, kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili. Tukakamulia tena. Siku zile ndimu za mama zilipungua mtini bila yeye kujua zinakwenda wapi. Kwenye mawe ya kawaida ya njiani ndimu haikufanya kitu, na hilo ndilo lililotutia wazimu. Kwa nini hili tu? Tulikuwa na maswali mengi na hakuna mtu wa kumwuliza, maana kuuliza kungemaanisha kulionyesha.

Kisha ndama wa Mzee Masanja akafa.

Mzee mwenyewe alikuja nyumbani kwetu alasiri, peke yake, na fimbo yake. Nilimwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

Baba akatoka, akamletea kigoda. Wakasalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za mvua, na mimi nikajua kuna jambo kwa sababu Mzee Masanja alikuwa anajibu huku anatazama ardhi.

"Baba Mwanaidi, ndama wangu amekufa," akasema mwishowe.

"Pole sana, mzee wangu."

"Alikunywa chemchemini, akaanza kuzubaa, akafa. Nimetoka pale sasa hivi. Kwenye mwamba kuna mrututu."

Nieleze hapo, kwa ambao hamkulelewa shambani. Mrututu ni dawa, chumvi ya mawe ya bluu kali, ambayo baba aliichanganya na chokaa akapulizia nyanya zisipate ukungu. Mnyama akiinywa nyingi, anakufa. Kijiji kizima kilijua kwamba upande ule mwenye nyanya na kopo la mrututu ni baba yangu, na shamba lake la nyanya liko juu ya chemchemi.

Baba alionyesha mlango wa nyumba kwa kidole. "Mrututu ninao," akasema. "Uko ndani, kwenye kopo. Pale sijaweka."

"Sijasema umeweka. Nimesema upo."

Akaondoka bila kumaliza maji aliyopewa. Kesho yake Kabula alihamia dawati jingine. Sikumlaumu, nilijua ameambiwa. Lakini kila nilipogeuka nilimkuta ananitazama, na wote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kilekile kilichofukiwa chini ya mti wa ndimu.

Muda si mrefu akafa ndama wa pili. Siku hiyo hatukwenda shule. Habari zilifika kwetu kwa wanawake waliotoka kuchota: vijana wa ng'ambo wamejaa chemchemini na fimbo, wakiongozwa na Maduhu, kaka yake Kabula. Haikupita muda vijana wa kwetu wakapita mbele ya nyumba wakielekea huko, na hawakuwa mikono mitupu. Mtu mzima yeyote wa Kilosa, wilaya yetu, anayejua ugomvi wa wakulima na wafugaji, anaelewa siku ya namna hiyo inavyoweza kuisha. Baba alivaa kofia yake, akamwambia mama asitoke, akateremka.

Mama akafunga mlango, akakaa kwenye kinu kilicholala kama mtu aliyesahau alichotaka kutwanga. Mimi nikasimama mbele yake.

"Mama, ule si mrututu."

"Nyamaza, Mwanaidi."

"Si mrututu. Ule unachemka kwa ndimu. Mrututu hauwezi." Hapo nilikuwa naongopa kidogo, maana mrututu wenyewe sikuwahi kuujaribu.

Mama yangu hakuwa mtu wa kusikiliza habari za mawe. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikasubiri kofi. Badala yake akasema, "Nionyeshe." Tukatoka nyuma ya jiko, nikalifukua jiwe, nikakwaruza, nikakamulia. Akainama kuangalia vile vipovu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la mrututu, akachukua punje moja, akaikamulia ndimu ileile. Punje ikakaa tu, imelowa. Akachukua vikombe viwili vya plastiki na punje nyingine ya mrututu, akachuma ndimu akazifunga kwenye pindo la kanga, na kuniambia, "Twende."

Chemchemini watu walikuwa wamegawanyika pande mbili, kidimbwi katikati. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anaongea na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Baba alisimama upande wetu, mikono mitupu. Mzee Masanja alisimama mbele ya vijana wake, Kabula nyuma yake kidogo, pengine alimfuata bila ruhusa. Mama akapita katikati ya wanaume wale, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Jamani, huyu mtoto ana neno. Msikilizeni, halafu fanyeni mnachotaka."

Sasa neno lenyewe halikutoka. Nilisimama pale na jiwe mkononi. Aliyeniokoa ni Kabula. Alikuja, akachukua kikombe kimoja mkononi mwa mama, akachota maji, akakiweka chini. Akachota na cha pili. Hatukusemeshana. Mimi nikatia punje ya mrututu katika kimoja, nikakoroga kwa kidole, na maji yakageuka bluu, watu wote wakiona. Katika kingine nikakwangulia unga wa jiwe. Ukazama, maji yakabaki kama yalivyo. Kisha ndimu. Kabula alikamulia mrututu, hakukuwa na kitu. Akakamulia jiwe.

Waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana waone. Mzee mmoja wa kwetu akauliza kama ni soda. Kabula akawageukia kaka zake akawaambia maneno kwa Kisukuma, upesiupesi. Baadaye niliuliza alisema nini. Alisema: "Hii imeota, haikumwagwa. Sisi tuliiona kabla ndama hajaugua."

"Hawa wamefundishwa," akasema Maduhu.

Kukawa na manung'uniko, pande zote mbili. Hapo Mzee Masanja akanyoosha mkono kwa mama, akaomba ndimu. Akapanda juu ya mawe yaliyoporomoka, mzee mzima yule, mpaka mahali pa juu ambapo mtu asingeweza kumwaga kitu, akalikwaruza genge lenyewe kwa ncha ya kisu na kulikamulia. Akaweka sikio. Alikaa hivyo, sikio kwenye mwamba, na umati wote ukanyamaza ukimsubiri. Kisha akateremka, akasuuza kikombe, akachota maji ya kidimbwi, akampa baba.

"Kunywa, Baba Mwanaidi."

Baba akanywa. Mzee Masanja akakipokea kile kikombe, akamalizia kilichobaki, akakikung'uta.

"Twendeni nyumbani," akawaambia vijana wake. Maduhu akafungua mdomo. "Nimesema nyumbani."

Na wakaenda. Bwana mifugo alipofika siku chache baadaye alisema ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, akawahimiza waogeshe mifugo. Kabula akarudi kwenye dawati letu. Mimi nikawa mtu maarufu Malolo kwa msimu mzima. Watoto walinifuata na mawe ya kila aina niyakamulie ndimu, na mama akaweka ulinzi kwenye mti wake.

Nilikua na hadithi hiyo hivyo: siku jiwe lilipomtetea baba yangu. Niliwasimulia wanangu hivyo. Hata jina lake nilikuja kulijua, hapahapa kwenye meza zangu. Kijana mmoja anayesomea miamba alikuwa anasubiri wali, nikamweleza zile sindano laini, ile rangi na vile vipovu, akaniambia bila kuliona hawezi kuapa, lakini linafanana sana na orikalsaiti. Alisema huota pale maji yanapopenya kwenye mwamba wenye shaba na zinki kwa muda mrefu sana, na kwamba ndani yake mna hewa iliyofungwa, ambayo ukali wa ndimu huifungulia. Nikamwuliza rangi yake vitabuni ni ipi. Akasema bluu-kijani. Siku hiyohiyo nikampigia simu Kabula, ambaye ameolewa Kidodi.

"Unaona," akasema, "bluu imetangulia."

Lakini baba alipofariki, Mzee Masanja alikuja msibani. Amezeeka sasa, anatembea ameshikwa mkono. Alikaa nami kwenye mkeka, na nikataka kumfurahisha, nikamkumbusha siku ile ya jiwe. Akatabasamu.

"Ndama wa pili nilimpasua asubuhi ileile," akasema. "Mapafu yamejaa povu, mitoki ya shingoni imevimba. Ndigana. Naijua tangu mtoto."

"Sasa mbona wewe hukusema, baba?"

"Nimwambie nani? Vijana walishatangulia na fimbo. Ningesema turudi, wangeona nimeogopa, wasingerudi. Nikasimama pale natafuta la kufanya, silioni. Mkaja nyinyi na ndimu zenu." Akacheka kidogo, akajifuta macho. "Wakainama wote kutazama. Nikaona fimbo zimeshuka."

"Na kule juu, ulisikiliza nini?"

"Nilikuwa napumzika. Na nilitaka nao wapumzike."

Wageni walipotawanyika nikamweleza mama, nikidhani nampa habari mpya ya kufurahisha. Nikasema kumbe wazee wote wawili walijua maji hayana kitu. Mama alikuwa anakunja mikeka. Akatikisa kichwa.

"Baba yako hakujua," akasema. "Alikuwa amepulizia nyanya wiki ile, na mvua ikashuka dawa ikiwa bado mbichi kwenye majani. Yote ikateremkia huko chini. Hakumwaga kitu chemchemini, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini kilichomo kwenye kile kikombe, hapana."

"Na vile vipovu? Tulimwonyesha."

"Vipovu hakuvielewa mpaka anakufa. Alikuwa ananiuliza mimi."

Nilikaa na hilo, na bado nakaa nalo. Utotoni nilisimama karibu kabisa na watu wale wawili na macho yangu yote yalikuwa kwenye jiwe. Niliona linavyochemka, nikaamini nao wanaona ninachokiona. Mmoja alijua maji ni salama na hakuwa na namna ya kusema. Mwingine hakujua, na angesita hata kidogo tu, vijana wa ng'ambo wangepata jibu walilolifuata. Siku hizi nikikumbuka siku ile, jiwe najikuta nalisogeza pembeni ili nimwone baba: ameshika kile kikombe kwa mikono miwili, mwanawe yuko mbele yake anajivunia, na koo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, mpaka anapompa mwenzake kilichobaki.